Hofu ya dola milioni 400

MAKALA MAALUMU

*Mwaka 1947 Ikulu ya Marekani ilihitaji fedha za Ugiriki na Uturuki. Ili Bunge likubali, ililazimu wananchi watishwe kwanza. Fedha zilipatikana, lakini hofu ikagoma kurudi ilikotoka.*

Na Mwandishi Wetu

Ijumaa ya Februari 21, 1947, ofisa wa Ubalozi wa Uingereza jijini Washington aliingia Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani akiwa na nyaraka mbili. Waziri mwenyewe, Jenerali George Marshall, alikuwa ameshaondoka kwenda Princeton kutoa hotuba. Aliyekuwapo kuzishughulikia ni naibu wake, Dean Acheson, mwanasheria mwenye sharubu za kupendeza na ulimi usiopendeza wengi.

Waraka mmoja ulihusu Ugiriki, mwingine Uturuki, na ukizisoma zote mbili unapata ujumbe mmoja: Uingereza imeishiwa. Ikifika mwisho wa Machi haitaweza tena kuligharimia jeshi la Ugiriki wala kuisaidia Uturuki. Marekani ikiona nchi hizo zina umuhimu, ibebe mzigo yenyewe, na ifanye haraka.

Waingereza hawakuwa wakitishia nyau. Majira yale ya baridi theluji ilifunga reli, makaa ya mawe yakakwama migodini, viwanda vikasimama na majumba ya London yakawa yanakatiwa umeme mchana. Siku moja kabla ya nyaraka kufika Washington, Waziri Mkuu Clement Attlee alilitangazia Bunge lake kwamba Uingereza itaondoka India ifikapo katikati ya 1948. Juma hilohilo serikali yake ilisema suala la Palestina litapelekwa Umoja wa Mataifa. Dola iliyotawala robo ya dunia ilikuwa inafunga virago.

Kwa Acheson tatizo halikuwa kuelewa uzito wa jambo. Tatizo lilikuwa fedha. Uchaguzi wa Novemba 1946 ulikuwa umewapa Warepublican mabaraza yote mawili ya Bunge, na waliingia kwa ahadi ya kupunguza kodi na kubana matumizi. Nani angewashawishi watu hao watoe mamilioni ya dola kwa nchi mbili ambazo wapigakura wengi wa Ohio au Nebraska wasingeweza kuzionyesha kwenye ramani?

Njia iliyopatikana, ndani ya wiki moja tu, ndiyo makala haya yanaifuata. Ndani yake mna sehemu kubwa ya kile tulichokuja kukiita Vita Baridi.

Ndoa ya mkeka

Uhasama wenyewe haukuzaliwa mwaka huo. Mwaka 1918, Warusi wakipigana wenyewe kwa wenyewe, wanajeshi wa Marekani walitua Archangel na Vladivostok, na wa mwisho wao waliondoka 1920. Wakati huo nyumbani Marekani, Mwanasheria Mkuu Mitchell Palmer alikuwa akiendesha kamatakamata ya maelfu ya watu, wengi wao wahamiaji, kwa tuhuma za kutaka mapinduzi. Msaidizi wake katika kazi hiyo alikuwa kijana wa miaka 25, J. Edgar Hoover, ambaye baadaye aliiongoza FBI hadi alipofariki 1972. Washington haikuitambua serikali ya Moscow mpaka 1933.

Aliyewaunganisha ni Hitler. Ilikuwa ndoa ya mkeka, na kila upande ulijua hivyo. Stalin aliomba washirika wafungue uwanja wa pili wa vita Ulaya Magharibi tangu 1941. Aliupata Juni 1944. Katika vita vile Umoja wa Kisovieti ulipoteza watu takriban milioni 27. Marekani ilizika zaidi ya 400,000, lakini miji yake haikuguswa na ikatoka vitani tajiri kuliko ilivyoingia.

Kitu cha kwanza alichotaka Stalin ni kwamba Poland isiwe tena barabara ya kumvamia. Madai hayo yalieleweka. Namna alivyoyatimiza ndiyo iliyowaharibia hesabu hata waliomtetea. Machi 1945, viongozi 16 wa upinzani wa Poland, watu waliokuwa wamepambana na Wajerumani, walialikwa kwenye mazungumzo na maofisa wa Kisovieti. Walipofika walikamatwa, na Juni wakafikishwa mahakamani Moscow. Uchaguzi huru ulioahidiwa kwenye mkutano wa Yalta ulifanyika Januari 1947, ukachakachuliwa mchana kweupe.

Kisha kuna bomu. Julai 24, 1945, mjini Potsdam, Rais Harry Truman, aliyekuwa na miezi mitatu tu madarakani, alimsogelea Stalin na kumdokeza kwamba Marekani ina silaha mpya yenye nguvu isiyo ya kawaida. Stalin hakuonyesha mshtuko. Majasusi wake walikuwa wameshamweleza.

Wiki mbili baadaye Hiroshima iliteketea. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa bomu lile ilitoka Shinkolobwe, Katanga, ambako Wakongo waliichimba kwa ajili ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alikuwa ameshasafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York tangu 1940. Kuanzia hapo, suala la nani anashika Katanga likawa suala la usalama wa Marekani. Wakatanga wenyewe hakuna aliyewauliza.

Telegramu mbili

Februari 22, 1946, George Kennan, ofisa mwandamizi wa Ubalozi wa Marekani mjini Moscow, alikuwa mgonjwa kitandani. Katika hali hiyo akamsomea katibu wake telegramu ya maneno zaidi ya 5,000. Hoja yake ni kwamba watawala wa Kremlin wanahitaji adui wa nje, maana bila adui hawana cha kuhalalisha udikteta wao. Hoja haziwashawishi, nguvu wanaielewa. Hata hivyo si watu wa kukurupuka. Wakikuta wamezibiwa njia, hurudi nyuma.

Septemba mwaka huo balozi wa Kisovieti mjini Washington, Nikolai Novikov, naye alituma yake. Ilieleza kwamba Marekani imedhamiria kuitawala dunia, na ushahidi wake ulikuwa bajeti ya jeshi na kambi za kijeshi zilizotapakaa mbali na mipaka yake.

Ukiziweka pamoja unashangaa. Kila mmoja aliona vizuri sana tamaa ya jirani, na hakuna aliyeiona yake. Nyani haoni kundule.

Wapo waliotaka njia nyingine. Waziri wa Biashara wa Marekani, Henry Wallace, aliyekuwa makamu wa rais kabla ya Truman, alihutubia mkutano mkubwa New York Septemba 12, 1946, akisema ukali huzaa ukali na kwamba Urusi nayo ina hofu zake za haki. Siku nane baadaye hakuwa tena waziri.

> Acheson aliwaambia wabunge kwamba Ugiriki ikianguka, uozo utafika hadi Afrika. Mwafrika hakuwamo chumbani.

Samaki mmoja akioza

Februari 27, 1947, viongozi wa Bunge waliitwa Ikulu. Marshall aliongea kwanza, kwa ukavu wa kijeshi, na wageni wakaanza kunung'unika. Kwa nini tuwalipie Waingereza madeni yao? Itagharimu kiasi gani? Tunajiingiza katika nini?

Acheson, akiona jahazi linazama, aliomba nafasi ya kusema. Aliacha habari za bajeti na makubaliano, akazungumzia mapipa ya tufaha. Tunda moja likioza pipani huambukiza yote. Vivyo hivyo Ugiriki ikioza itaiambukiza Iran na mashariki yote, uozo utapita Uturuki na Misri kuingia Afrika, na kwa upande mwingine utapita Italia na Ufaransa kuimaliza Ulaya. Kwetu pwani tungemwelewa mara moja: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ni usemi mtamu, lakini kwa sera ya nchi ni hatari, maana unamruhusu msemaji asichunguze hali ya samaki mmojammoja.

Chumba kilinyamaza. Seneta Arthur Vandenberg wa Michigan, Mrepublican na mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje, ndiye aliyevunja ukimya. Alimwambia Truman kwamba akiyasema hayo mbele ya Bunge na wananchi, yeye atamuunga mkono, na anaamini wenzake wengi watafanya hivyo. Wasimuliaji wa baadaye waliyakoleza maneno yake, ikawa kwamba rais alishauriwa awatishe Wamarekani hadi watetemeke. Awe alisema hivyo au hakusema, ndivyo ilivyofanyika.

Machi 12 Truman alisimama mbele ya mabaraza yote mawili. Umoja wa Kisovieti hakuutaja kwa jina. Alisema karibu kila taifa linatakiwa lichague kati ya namna mbili za maisha, moja ya uhuru na nyingine ya mabavu, na kwamba Marekani itayasaidia mataifa huru yanayokataa kutiishwa na vikundi vyenye silaha au shinikizo kutoka nje. Mwishoni akataja bei: dola milioni 400. Kati ya hizo, milioni 300 zilikuwa za Ugiriki.

Ahadi ile haikuwekewa mpaka wa ramani wala wa muda. Kennan, ambaye wengi humtaja kuwa baba wa sera ile, alipoiona rasimu aliipinga. Kuisaidia Ugiriki aliafiki. Kuahidi dunia nzima hakuafiki. Hakusikilizwa. Seneti ilipiga kura 67 dhidi ya 23, na Mei 22 muswada ukawa sheria.

Ugiriki yenyewe

Hapa ndipo kisa kinapokera. Oktoba 1944, mjini Moscow, Winston Churchill alimsukumia Stalin kipande cha karatasi chenye asilimia: Romania asilimia 90 iwe ya Urusi, Ugiriki asilimia 90 iwe ya Uingereza, Yugoslavia nusu kwa nusu. Stalin akaweka alama ya vema. Miezi miwili baadaye wanajeshi wa Uingereza walipigana na wapiganaji wa mrengo wa kushoto katika mitaa ya Athens, na Stalin hakufungua mdomo. Kwa habari ya Ugiriki, alishika neno lake kuliko alivyolishika kwa Poland.

Vita vilivyozuka tena 1946 vilikuwa na mizizi ya nyumbani. Waliopigana na Wajerumani milimani walirudi vijijini wakakuta magenge ya wafuasi wa mfalme yakiwawinda, mengine yakiwa na watu waliowatumikia Wajerumani haohao. Walirudi msituni. Silaha zao zilipitia kwa Tito wa Yugoslavia, Albania na Bulgaria. Kwa mujibu wa Milovan Djilas, kiongozi wa Yugoslavia aliyekuwapo, Februari 1948 Stalin aliwaambia waziwazi kwamba uasi wa Ugiriki hauna matumaini na lazima ukomeshwe.

Juni mwaka huo Stalin na Tito waligombana hadharani. Wakomunisti wa Ugiriki walisimama na Stalin, na Julai 1949 Tito akafunga mpaka. Jeshi la serikali, sasa likiwa na silaha za Marekani yakiwamo mabomu ya napalm, lilimaliza kazi kwenye milima ya Grammos na Vitsi. Kufikia Oktoba vita vilikwisha.

Kwa hiyo nadharia ya mkono mmoja wa Moscow unaovuta kamba zote ilikosea katika nchi ileile iliyotumika kuizindua. Uturuki ilikuwa na kesi nzito zaidi: mwaka 1945 Moscow ilidai mikoa ya Kars na Ardahan, na 1946 ikataka sehemu katika ulinzi wa milango ya Bahari Nyeusi. Iran nayo ilishuhudia majeshi ya Kisovieti yakikaa hadi Mei 1946, baada ya muda waliokubaliana kuondoka. Stalin hakuwa malaika aliyesingiziwa. Ila tishio halisi, lenye mahali na tarehe, haliuziki kama tishio lisilo na mwisho.

Siku tisa baada ya hotuba

Machi 21, 1947, Truman alitia saini amri ya kuchunguza uaminifu wa watumishi wote wa serikali kuu. Mtumishi angeweza kupoteza kazi kwa kuhusishwa na jumuiya iliyowekwa kwenye orodha ya Mwanasheria Mkuu, na mara nyingi hakuambiwa nani aliyemsemea. Mamilioni walichunguzwa. Mamia walifukuzwa, na maelfu wakaondoka wenyewe kabla hawajaitwa.

Huwezi kuiambia nchi kwamba adui yuko milangoni Athens halafu ukasema hayupo Washington. Warepublican walikuwa wameshalishika suala hilo tangu kampeni za 1946, uchaguzi uliowaingiza Bungeni Richard Nixon na Joseph McCarthy, na Truman alitaka kuwanyang'anya fimbo. Miaka mingi baadaye mshauri wake, Clark Clifford, alikiri kwamba Ikulu haikuamini tatizo lile lilikuwa kubwa. Lilikuwa la kisiasa na la kutengenezwa.

Majasusi walikuwapo, tena wa kweli. Septemba 1945 Igor Gouzenko, karani wa nambari za siri katika Ubalozi wa Kisovieti mjini Ottawa, alitoroka na nyaraka zaidi ya 100. Mwaka 1995 Marekani ilichapisha telegramu za Kisovieti ilizozifumbua kwa siri chini ya mradi wa Venona, na zilithibitisha kuwa Klaus Fuchs na Julius Rosenberg walipeleleza kwa ajili ya Moscow. Lakini mtandao ule ulikuwa umevurugika kwa kiasi kikubwa kabla msako haujapamba moto. Nyavu zilitupwa samaki wengi wakiwa wameshaondoka, na walionaswa ni walimu, waandishi wa filamu, mabaharia na wanachama wa vyama vya wafanyakazi.

> Waliouza hofu mwaka 1947 ndio walioshitakiwa nayo kuanzia mwaka 1950: Acheson kwa ulegevu, Marshall kwa usaliti.

Halafu ukaja mwaka 1949. Agosti 29 Wasovieti walilipua bomu lao la kwanza la nyuklia katika nyika za Kazakhstan. Oktoba 1 Mao Zedong alitangaza Jamhuri ya Watu wa China. Mwananchi aliyeambiwa kwamba ulimwengu umegawanyika mara mbili alihesabu, akaona upande wake unapungua. Akatafuta mchawi.

McCarthy, seneta ambaye wengi hawakumfahamu, alimpatia. Februari 9, 1950, mjini Wheeling, West Virginia, alidai kuwa na orodha ya wakomunisti 205 ndani ya Wizara ya Mambo ya Nje. Siku zilizofuata idadi ikawa 57. Hakuna aliyewahi kuiona orodha. Hilo halikumzuia kumwandama Acheson, ambaye sasa alikuwa waziri, na 1951 akamgeukia Marshall mwenyewe, jenerali aliyesimamia ushindi wa vita na kuipa jina lake mipango ya kuijenga upya Ulaya. Moto uliowashwa kwa ajili ya Vandenberg na wenzake ulikuwa umefika kwenye makuti ya waliouwasha.

Juni 1950 vita vikazuka Korea. Bajeti ya ulinzi ya Marekani, iliyokuwa takriban dola bilioni 13, ndani ya miaka mitatu ilizidi mara tatu.

Mwaka huo pia mwimbaji Paul Robeson alinyang'anywa pasipoti. Robeson alikuwa mwana wa mtu aliyezaliwa mtumwa, na akiwa London katika miaka ya 1930 alijifunza Kiswahili. Wanasheria wa Wizara ya Mambo ya Nje, walipotakiwa mahakamani waeleze kosa lake, walitaja pamoja na mengine kwamba amekuwa akipigania kwa juhudi uhuru wa makoloni ya Afrika. Alirudishiwa pasipoti mwaka 1958.

Ikafika kwetu

Kesi ya Robeson inaonyesha jinsi hesabu ilivyokuwa ikipigwa: aliyetaka uhuru upesi alitiliwa shaka. Waziri Mkuu wa Kongo, Patrice Lumumba, aliomba msaada wa ndege na magari kutoka Moscow mwaka 1960 baada ya Umoja wa Mataifa kukataa kumsaidia kwa nguvu kuirudisha Katanga iliyojitenga. Hiyo ilitosha. Uchunguzi wa Seneti ya Marekani wa 1975 ulieleza mpango wa CIA wa kumwua kwa sumu. Sumu haikutumika, Januari 17, 1961 alipigwa risasi huko huko Katanga, mkoa wa Shinkolobwe.

Zanzibar nayo, baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, ilibatizwa Cuba ya Afrika katika magazeti ya Magharibi. Marekani ilikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya angani hapo Tunguu, na serikali ya Karume ikataka kiondolewe. Kwamba mapinduzi yale yalikuwa na historia yake ya ardhi, ubaguzi na chaguzi zenye utata, ni mambo yaliyopata nafasi ndogo sana Washington. Visiwa vya watu takriban 300,000 vilisomwa kwa miwani ya Athens.

Nani alianza?

Wanahistoria wa kwanza wa Kimarekani walimlaumu Stalin peke yake. Mwaka 1959 William Appleman Williams aligeuza kibao: Marekani ilitaka dunia nzima iwe soko wazi, na Urusi ilijihami. Mwaka 1972 John Lewis Gaddis akasema lawama ni ya wote, ila si kwa kipimo sawa. Nyaraka za Moscow zilipofunguliwa baada ya 1991, Gaddis alirudi karibu zaidi na wale wa kwanza.

Mwandishi huyu anaona swali lenyewe limechoka. Ushindani wa mataifa mawili makubwa, moja likiwa na bomu na jingine likiwa na majeshi katikati ya Ulaya, ungekuwapo hata kama Marx asingezaliwa. Ambacho hakikuwa lazima ni sauti iliyotumiwa. Serikali iliyokuwa na sababu za kutosha za kuisaidia Uturuki ilichagua kutotumia sababu hizo, ikatumia tishio la dunia nzima, kwa kuwa Bunge lingepitisha tishio haraka kuliko hoja. Wanaotetea uamuzi huo husema Ulaya Magharibi iliokoka na ikastawi. Ni kweli iliokoka. Wagiriki, waliokuwa wa kwanza kupokea fedha, wana hesabu yao.

Chama cha Kikomunisti kilipigwa marufuku huko Desemba 1947. Maelfu walipelekwa kisiwa cha Makronisos ili waandike tamko la kuikana imani yao. Polisi walifungua majalada ya raia, na kwa miaka mingi hukuweza kupata kazi ya serikali bila cheti cha polisi kuthibitisha fikra zako ni safi. Aprili 21, 1967, makanali walipindua nchi wakisema wanaiokoa na ukomunisti, wakatawala miaka saba. Marufuku iliondolewa 1974.

Mwaka 1989 jambo lisilotarajiwa lilitokea Athens: chama cha kihafidhina na muungano wa kushoto uliokuwa na wakomunisti ndani yake waliunda serikali pamoja. Bunge lilipitisha sheria ya kuviita vita vya 1946 hadi 1949 vita vya wenyewe kwa wenyewe, badala ya vita dhidi ya majambazi kama nyaraka za serikali zilivyosema kwa miaka arobaini. Agosti 29 mamilioni ya majalada ya polisi yalipelekwa kwenye matanuri ya kiwanda cha chuma yakachomwa, kwa jina la maridhiano. Wanahistoria walipinga vikali. Walisema serikali inachoma ushahidi wa nani alimsemea nani, na kwa kosa gani.